Tairi linalopunguza upepo kidogo kidogo: unapita wapi, na ufanye nini

Tairi likiisha upepo wote kwa mkupuo halina mjadala: unaegesha, unashusha spea, unafunga, safari inaendelea. Linalosumbua ni lile moja kati ya manne ambalo kila baada ya siku chache unalikuta limelegea. Unalijaza, linatulia, wiki ijayo limelegea tena. Na kwa kuwa gari linatembea, dereva hulizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia: kero ipo, ila haijafikia kumwita fundi. Kujaza upepo kila mwisho wa wiki kunageuka kuwa ndiyo matibabu.

Tairi la namna hiyo lina habari za kukupa kabla hujaonana na fundi yeyote. Kasi linayopungua, wakati linapopungua, na hali ya matairi mengine matatu vinatosha kukuambia kama kweli linavuja, na mara nyingi vinakuelekeza upepo unapita wapi. Asiyeuliza maswali hayo ndiye huishia kununua tairi jipya, kumbe kilichoharibika ni kidude cha ndani ya valvu kinachobadilishwa kwa dakika mbili.

Si kila upungufu ni pancha

Hakuna tairi lisilopoteza upepo. Hewa hupenya ndani ya mpira wenyewe, taratibu sana, na tairi zima lisilo na kasoro yoyote kwa kawaida hupungua psi 1 hadi 2 kwa mwezi (psi ni kipimo cha presha kinachosomwa kwenye geji). Kwa ndani limetandikwa utando wa mpira wa butili, ambao kazi yake ni kupunguza upotevu huo, lakini hauwezi kuumaliza. Wapo wanaoshauri kujaza naitrojeni tupu kwa kuwa hupenya polepole zaidi. Sawa, lakini hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na tundu la msumari halichagui gesi.

Halafu kuna joto. Hewa ikipoa presha hushuka hata kama hakuna kilichotoka. Kwa tairi la psi 32, kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazoshuka huondoa takriban psi 1.5. Tairi lililojazwa mchana wa jua kali likapimwa alfajiri ya baridi linaweza kuonekana limepoteza psi 3, na hapo hakuna uvujaji wowote. Upande wa pili, mwendo wa barabara kuu hulipasha tairi na kupandisha presha psi 4 au zaidi. Ndiyo maana hupimwa likiwa baridi, yaani gari limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Anayepunguza upepo kwa sababu kipimo kimepanda safarini anajitengenezea tairi legevu: likipoa litakuwa chini ya kiwango. Hata jua linahusika. Gari likiegeshwa ubavu mmoja juani, matairi ya upande huo yatasoma juu kuliko ya kivulini.

Kwa hiyo usilitazame tairi moja peke yake. Yapime yote manne asubuhi moja, kwa geji moja, kabla gari halijaondoka. Yakiwa yameshuka yote kwa kiasi kinacholingana, hiyo ni baridi au ni muda tu umepita tangu yajazwe. Likiwa limeshuka moja na mengine yamesimama palepale, hilo linavuja. Mezani pangekuwa na geji tano zingesoma namba tano tofauti, na haidhuru. Geji yako ndogo inayokosea psi 1 kila siku kwa namna ileile inakufaa kuliko mashine sahihi ya kituo cha mafuta unayoiona mara moja kwa mwezi. Unachotafuta ni tofauti. Andika namba na tarehe.

Namba ya kujazia iko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi hilo. Si agizo la gari lako.

Kwa nini huvuja polepole badala ya kwisha

Zamani upepo ulikaa kwenye tyubu ndani ya tairi. Msumari ukipenya, tyubu hutoboka, na hewa hutafuta njia kati ya tyubu na tairi ikatokea kwenye tundu la valvu. Huisha upesi. Kampuni ya Marekani ya B.F. Goodrich ilitangaza tairi lisilo na tyubu mwaka 1947, na kufikia mwaka 1955 ndilo lililokuwa la kawaida kwenye magari mapya ya huko. Ndani ya tairi hili upepo unashikwa na tairi lenyewe pamoja na rimu. Msumari ukiingia, mpira unaubana pande zote, na ule utando wa ndani unaukumbatia. Hewa hubaki na upenyo mwembamba mno wa kupitia.

Kwa maneno mengine, tairi linalopungua polepole ni matokeo ya ubunifu uliofanikiwa. Umekupa muda wa kufika salama. Ubaya ni kwamba muda huo unaweza kuutumia kwa miezi bila kujua kwamba una msumari.

Ukikuta msumari, usiung'oe. Huo ndio uliokuwa kizibo. Wengine huung'oa papo hapo barabarani kwa koleo, na tairi ambalo lingefika kwa fundi likiwa na psi 25 linakwisha kabla hawajarudisha koleo kwenye buti. Kuna pia kokoto na vipande vya chuma vilivyonasa kwenye mifereji bila kupenya hadi ndani. Weka tone la maji ya sabuni juu yake kwanza, lisipotoa povu ni takataka tu.

Kwa vile upepo unashikiliwa na vitu kadhaa vilivyounganishwa, una njia nne za kutokea: kwenye mpira wa tairi, kwenye valvu, pale ukingo wa tairi unapobana rimu, na kwenye rimu yenyewe. Watu hufikiria ya kwanza tu.

Anza na valvu, kwa kuwa kuipima hakuhitaji hata jeki. Valvu inayotumika kwenye magari ni ile ya Schrader, iliyopewa hataza mwaka 1893, na umbo lake limebadilika kidogo sana tangu hapo. Ndani yake kuna kipini chenye springi na kiduara kidogo cha mpira. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya kiduara hicho, valvu haifungi sawasawa. Fungua kifuniko, weka tone la maji ya sabuni mdomoni mwa valvu, subiri. Kiputo kikivimba, kipini kimelegea au kimechoka. Kukikaza au kukibadilisha ni kazi ya ufunguo mdogo wa bei ya kutupa. Kifuniko ambacho watu hukipoteza bila kujali ndicho kinachozuia huo mchanga usiingie, na ni afadhali kiwe cha plastiki: vya shaba vikikaa muda mrefu juu ya valvu ya alumini hushikana nayo kwa kutu, na siku unapovifungua huvunja shingo ya valvu.

Kisha ipinde shina la valvu kwa kidole, huku na huku. Kama ni la mpira na limezeeka, utaona mipasuko midogo shinani, pale linapoingia kwenye rimu. Mipasuko hiyo inaweza kufumba kabisa gari likisimama na kufumbuka gurudumu linapozunguka kwa kasi na kulivuta shina kwa nje. Hapo ndipo unapata kile kitendawili cha tairi linalolala salama wiki nzima na kurudi limelegea kutoka safarini. Tairi jipya linapofungwa, shina la mpira nalo libadilishwe. Ni kitu kidogo mno kukibania.

Ukingo wa tairi ndio unaodanganya mafundi wengi. Mpira hapo haujagundishwa. Unabanwa tu na presha dhidi ya chuma. Rimu ya chuma hupata kutu, na ya aloi hutoa unga mweupe wa alumini iliyoliwa, unaonyanyua rangi na kuacha vijibonde. Hewa hupita kwenye vijibonde hivyo. Uvujaji wa namna hii mara nyingi huzidi siku za baridi, mpira unapokuwa mgumu na kushindwa kufuata umbo la rimu. Pia unaweza kubadilika kutegemea gari limesimama na sehemu gani ya gurudumu chini, na ndiyo sababu asubuhi moja limelegea na nyingine liko sawa. Dawa yake ni kulivua tairi, kusugua rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma safi kionekane, kupaka dawa ya kuzibia ukingo, na kulirudisha tairi lilelile. Anayenunua tairi jipya hapa anapeleka tatizo lake kwenye tairi jipya.

Rimu iliyopasuka ni nadra zaidi, na huwapata hasa wenye matairi ya ubavu mfupi waliogonga shimo kwa kasi. Ufa hukaa upande wa ndani, unaotazama breki, ambao huuoni bila kuvua gurudumu. Wapo wanaozichomelea. Mimi rimu ya aloi yenye ufa ningeitupa, maana kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma mahali palepale panapobeba mzigo.

Povu linahitaji subira

Jaribio la maji ya sabuni kila mtu analijua, lakini wengi hulifanya kwa haraka na kuhitimisha kwamba hakuna kitu. Tupige hesabu. Tairi la gari dogo lina ujazo wa takriban lita 30. Likipoteza psi 1 kwa siku, hewa inayotoka ni kama lita 2 katika saa 24, yaani karibu mililita moja na nusu kwa dakika. Kwa tairi linalopoteza psi 3 kwa wiki, ni nusu ya hapo au pungufu. Sikio haliwezi kulisikia hilo, na kiganja hakiwezi kulihisi. Hata povu halitarushwa. Litajikusanya polepole, vijiputo vidogo vilivyoshonana, kwa dakika kadhaa.

Basi lijaze tairi hadi kiwango cha juu, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni, kwa sababu presha kubwa husukuma hewa zaidi. Tumia sabuni ya vyombo kwa wingi. Lowanisha uso wote wa tairi, ubavu, mzunguko wa ukingo na valvu, halafu kaa. Kumbuka sehemu iliyokanyaga ardhi haionekani. Lisogeze gari nusu mzunguko urudie. Ukishindwa kabisa, livuliwe gurudumu zima lizamishwe kwenye beseni la maji, pande zote mbili. Fundi anayemwagia maji upande wa nje peke yake na kukuambia tairi ni zima hajapima rimu kwa ndani wala ukingo wa nyuma.

Taa ya dashibodi inachelewa

Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliagiza mamilioni ya matairi yake yarudishwe nchini Marekani baada ya ajali za matairi kuachana tabaka, yaani tabaka za ndani ya tairi kubanduka, nyingi zikihusisha magari ya Ford Explorer. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyosababisha magari mepesi mapya ya nchi hiyo kuwekewa mfumo wa kuonya presha ikishuka, na kufikia Septemba 2007 ukawa wa lazima kwa yote. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Kiwango cha Marekani kinataka taa iwake presha ikishuka asilimia 25 chini ya ile ya kibandiko. Fanya hesabu: tairi la psi 32 linaweza kufika psi 25 na taa bado imezima.

Na katika pengo hilo ndimo madhara yanamoanzia. Tairi lililopungua hujikunja zaidi ubavuni kila linapozunguka, na kukunjwa huko huzaa joto ndani ya mpira. Joto ndilo linaloachanisha tabaka, si msumari. Dereva haoni chochote mpaka mwendo mrefu, mzigo na siku ya joto vikutane. Kabla ya hapo atalipia kwa njia ndogondogo: mabega ya tairi yanaisha mapema kuliko katikati, usukani unavuta upande mmoja, breki zinachukua umbali mrefu zaidi, mafuta yanakwenda zaidi.

Mifumo yenyewe ni ya aina mbili. Mmoja una sensa ndani ya kila gurudumu inayopima presha moja kwa moja. Mwingine hauna sensa ya presha. Hutumia vipimo vya mwendo vya breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kujifunga, na kugundua gurudumu linalozunguka kasi kuliko mengine, kwa kuwa tairi legevu lina kimo kifupi. Huu wa pili huweza kukosa kuona matairi yote manne yakishuka kwa pamoja. Una pia mtego mmoja: dereva anayebonyeza kitufe cha kuuweka upya ili taa izime, kabla ya kujaza upepo, anaufundisha kwamba presha ya chini ndiyo ya kawaida.

Nini kinazibika, nini hakizibiki

Tundu likiwa katikati ya uso unaokanyaga barabara na upana wake hauzidi milimita 6, linazibika vizuri. Likiwa begani au ubavuni, halizibiki. Ubavu hauna mikanda ya chuma na hujikunja kila mzunguko, kwa hiyo kiraka chochote hapo kitabanduka siku moja, na hutaichagua wewe. Tairi lililobakiza chini ya milimita 1.6 za mifereji halistahili kiraka popote pale. Hata umri utazame: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Namna ya kuziba ina ubishi mwingi. Ile kamba ya mpira yenye gundi inayosukumwa kwa nje bila kuvua tairi ni ya haraka, na inashika. Wapo watakaokuapia kwamba waliitumia mpaka tairi likawa kipara. Siwabishii kwamba inaziba. Tatizo ni mambo mawili ambayo kamba haiyawezi. Kwanza haiufungi utando wa ndani, hivyo hewa na unyevu huweza kupenya hadi kwenye nyaya za chuma zilizo kati ya tabaka, zikaota kutu. Pili, na hili ndilo zito, tairi halikuvuliwa, kwa hiyo hakuna aliyeliona ndani. Tairi lililoendeshwa likiwa legevu hujisaga lenyewe. Ukilifungua unakuta unga mweusi wa mpira, au mstari uliochubuka kuzunguka ubavu wote. Tairi hilo limekwisha hata kama tundu lake ni dogo kiasi gani. Njia sahihi ni kulivua, kulikagua, kisha kutia kiraka chenye shina, kile chenye umbo la uyoga: shina linajaza tundu, kofia inagandishwa juu ya utando. Kamba iwe ya kukufikisha huko.

Dawa za kopo zinazopulizwa kupitia valvu nazo ni za dharura. Ukiitumia mwambie fundi kabla hajafungua tairi, kwani baadhi hutumia gesi inayowaka, na zote huacha uchafu unaoweza kuziba sensa. Kuhusu kutia tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu ili kuficha uvujaji, sikubaliani nako hata kidogo. Tyubu husuguana na ndani ya tairi ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake, hupata joto, na ikitoboka upepo hutoka ghafla. Umebadilisha uvujaji wa polepole kwa wa haraka.

Je, uendelee kulitumia hadi lini? Linalopoteza psi 2 au 3 kwa wiki unaweza kulijaza na kulipeleka kwa fundi ndani ya siku chache, kwa safari fupi na mwendo wa kawaida. Linalopoteza psi 8 au 10 kwa usiku mmoja, funga spea sasa hivi. Spea yenyewe iangalie kwanza. Nayo hupungua ikiwa imelala kwenye buti, na ndiyo isiyopimwa na mtu. Ikiwa ni ile nyembamba ya muda, mara nyingi hutaka psi 60, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa.

Gurudumu likirudi kutoka kwa fundi, mwagia sabuni mwenyewe juu ya kiraka, ukingo na valvu kabla hujaondoka. Kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Pima kesho yake asubuhi, na tena baada ya wiki, ulinganishe na yale mengine matatu. Likiwa bado linashuka, usikubali kutiwa kiraka cha pili kwa kubahatisha. Huenda kulikuwa na matundu mawili tangu mwanzo, au ukingo ulichubuliwa wakati wa kulivua, au rimu haikusafishwa; lizamishwe lote majini, ukiwa umesimama hapo.